Aliyeumwa na mbwa asiache vidonge kwa sababu ya tumbo

Huku Bariadi, na zaidi Itilima na Meatu ambako mkoa wetu wa Simiyu unapakana na Serengeti na Pori la Akiba la Maswa, mbwa wa kulinda mifugo ni wengi, na wanaoumwa wengi ni watoto. Mtoto anapelekwa zahanati, anarudi na vidonge. Siku ya pili anaharisha. Mama anasema, "Dawa hii haimfai," na vidonge vinawekwa juu ya kabati. Siku chache baadaye mkono umevimba, unatoa usaha. Hapo tunakosea, na mtoa dawa asiyeeleza kitu naye anakosea.

Dawa inayofaa zaidi kwa jeraha hili ni amoksisilini iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki. Inaua vijidudu vilivyotoka mdomoni mwa mbwa, lakini haichagui: inaua pia vile vyenye manufaa tumboni. Ndiyo maana mgonjwa huweza kuharisha; pia anaweza kusikia kichefuchefu. Hayo ni maudhi ya dawa, na mengi huisha dozi inapoisha. Ameze anapoanza kula, si akiwa na njaa. Kila akiharisha mpe maji ya ORS, na uji uendelee. Usimnunulie mtoto dawa ya kufunga kuhara. Mtu mzima aliyepewa doksisaiklini ameze kwa bilauri nzima ya maji, akae wima nusu saa, la sivyo koo litamuunguza.

Lakini midomo au uso ukivimba, vipele vikiumuka mwilini, pumzi ikibana, au akiharisha damu, hayo si maudhi. Simamisha dawa, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Mwezi wa Ramadhani wapo wanaomeza dozi za siku nzima kwa pamoja baada ya futari. Huko ni kulitesa tumbo bure. Mgonjwa amepewa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine, Sura Al-Baqara aya ya 185 iko wazi.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni hili: vidonge hivi havizuii kichaa cha mbwa hata kidogo. Kichaa ni kirusi, na dalili zikishaanza karibu hapana anayepona. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, na chanjo ianze siku hiyo hiyo, kisha arudi kwa tarehe zote alizoandikiwa. Na tusichanganye mambo: kuosha mara saba, moja kwa udongo, ni hukumu ya chombo alichoramba mbwa. Udongo kwenye kidonda huleta pepopunda.

Siku ya kurudi kwa chanjo, beba na pakiti ya vidonge vilivyobaki. Daktari avihesabu mwenyewe, umweleze na tumbo limekuwaje.