Kusaidia si kuondoa

Yaya wangu anauza vipodozi sokoni hapa Lubumbashi. Siku moja aliniletea karatasi ya Kifaransa iliyokuja na krimu ya uso kutoka Ulaya. "Weye njo unasomaka maluga," alisema, "utugeuzie hii mu Kiswahili." Krimu ilisifiwa kwa dondoo ya Drosera, mmea unaokula wadudu. Kifaransa kilisema kwamba inasaidia kupunguza mwonekano wa makunyanzi. Nikaona maneno ni mengi, nikaandika: "Inaondoa makunyanzi."

Baada ya wiki tatu mama mmoja alirudi. "Uliandika inatosha makunyanzi," aliniambia. "Sasa yangu njo haya hapa."

Kosa lilikuwa langu. Katika maneno niliyoyafuta, kila moja lilikuwa na kazi. Anayesaidia hajaahidi kumaliza. Anayepunguza hajaondoa. Na mwonekano wa kunyanzi si kunyanzi lenyewe. Mwenye Kifaransa alijikinga. Mimi nilimtolea ahadi ambayo yeye hakuitoa.

Nikaamua kuisoma krimu upya, kuanzia jina. Drosera linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya umande, kwa sababu majani yake yana vinyweleo vyenye matone yanayong'aa. Mdudu hunaswa humo, kisha mmea humyeyusha kwa vimeng'enya. Darwin aliueleza kwa kirefu katika kitabu chake cha 1875 juu ya mimea inayokula wadudu. Iko spishi inayoitwa hata Drosera katangensis, kwa jina la Katanga yetu. Lakini kumeng'enya inzi si kulainisha uso. Baadhi ya Drosera zina plumbajini, kemikali inayoua vijidudu maabara, na ambayo pia inaweza kuwasha ngozi.

Kwa hiyo jina peke yake halitoshi. Ni spishi gani? Ni kiasi gani? Je, imejaribiwa kwenye ngozi za watu, ikilinganishwa na krimu ileile isiyo na dondoo? Gliserini peke yake hulainisha ngozi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1223/2009 inataka viambato vipangwe kwa uzito, kilicho kingi kwanza. Vilivyo chini ya asilimia 1 vinaweza kufuata kwa mpangilio wowote. Kwenye kopo la yaya, gliserini ilikuwa ya pili. Drosera ilikuwa karibu na mwisho, jirani na manukato, bila kutajwa spishi.

Wengine watasema hiyo ni kazi ya wanakemia. Mwanakemia hupima kilichomo ndani ya kopo, lakini yule mama hakununua kwa kipimo. Alinunua kwa kitenzi, na kitenzi hicho nilikichagua mimi. Kitivoni tunatafsiri mashairi na riwaya, na ni vizuri. Naomba tuongeze etiketi za pomadi na karatasi za dawa, na mwanafunzi anayegeuza "kusaidia" kuwa "kuondoa" akatwe alama.

Nimeandika karatasi mpya: "Krimu hii inalainisha ngozi. Ina dondoo ya Drosera, kiasi hakikuandikwa." Yaya aliisoma mara mbili, akasema hiyo haitauzisha. Hata hivyo, ameibandika.