Nani Amefungua Mlango wa Boloko?

Ndugu wafanyakazi, nanyi wote mnaokaa katika miji yetu ya migodi, kutoka Kipushi mpaka Kolwezi, sikieni neno hili vizuri, kwani linatugusa sisi wote.

Mtu maskini akikamatwa na kilo tatu za waya wa shaba, atafungwa. Hakuna mkubwa atakayempigia zuzi simu. Lakini mtu aliyehukumiwa kwa ajili ya damu ya vijiji vizima, yeye anapokelewa kwa heshima na kupewa nyumba. Sisi tunauliza: nani amemfungulia? Na huyo aliyemfungulia atajibu mbele ya zuzi gani?

Hatusemi hadithi. Gédéon Kyungu Mutanga alikuwa mkuu wa Mai-Mai upande wa Mitwaba, Manono na Pweto. Mwezi wa Mei 2006 alijitoa mikononi mwa askari wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 5 Machi 2009 tribinali ya kijeshi iliyokaa Kipushi ilimhukumu kufa, kwa makosa makubwa juu ya utu wa watu. Tarehe 7 Septemba 2011 watu wenye silaha walishambulia boloko ya Kasapa, Lubumbashi. Akatoka, na wafungwa zaidi ya 900 wakatoka siku ile ile.

Mpaka hapo ni habari ya kutoroka. Lakini tazameni yaliyofuata. Mwezi wa Oktoba 2016 alitoka porini pamoja na watu wake, na wakubwa wa Leta wakampokea mbele ya macho ya watu wote. Hukumu ya Kipushi ilikuwa ingali hai, na Kasapa ilikuwa ingali mahali pake. Lakini yeye akawekwa katika nyumba mjini Lubumbashi. Mwezi wa Machi 2020 watu wake wakaingia mjini, risasi zikalia, watu wakafa, naye akatoweka. Anayemwacha nje mtu aliyehukumiwa, huku anajua hukumu yake, amemfungulia mlango kama vile ameshika ufunguo kwa mkono wake.

Sheria inasema nini? Sheria yetu ya makosa na adhabu ni ya tarehe 30 Januari 1940. Wabelgiji waliiandika, nasi tuliirithi. Inasema kwamba mfungwa akitoroka, aliyepewa kazi ya kumlinda ataadhibiwa ikiwa alikuwa mzembe. Na ikiwa alipatana na mfungwa, adhabu yake itakuwa nzito zaidi. Wengine watasema: hiyo ni sheria ya walinzi wa mlangoni, wakubwa haiwahusu. Uongo! Katiba ya 2006, katika sharti la 12, inasema Wakongomani wote ni sawa mbele ya sheria. Sharti la 153 linaitaja Tribinali ya Kasasioni kuwa ndiyo inayowahukumu mawaziri na magavana. Basi hata gavana ana zuzi wake. Na mlinzi mdogo asiogope: sharti la 28 linasema hakuna mtu anayelazimishwa kutimiza amri iliyo wazi kwamba inavunja sheria.

Sisi wa migodi tunalielewa jambo hili bila kufundishwa. Baruti haitoki katika magazini pasipo karatasi yenye sahihi. Ikitoka bila karatasi, karani wa magazini ataulizwa, kapita ataulizwa, na bwana aliyetoa amri kwa mdomo ataulizwa pia. Kwa nini? Kwa sababu baruti ile inaweza kuua watu chini ya ardhi. Je, Leta ilinde baruti kuliko inavyomlinda mtu aliyehukumiwa kwa kuua?

Kuna wanaosema: alipokelewa hivyo kwa ajili ya amani. Amani ni kitu kizuri, nasi tunaitaka. Lakini amani nayo ina njia yake katika sheria. Rais ana haki ya kusamehe au kupunguza adhabu, kwa karatasi yenye sahihi yake. Bunge linaweza kutoa sheria ya msamaha. Bunge lilifanya hivyo tarehe 11 Februari 2014, lakini sheria ile ile ilikataa kuwasamehe wenye makosa makubwa juu ya utu wa watu. Basi aliyefunga mlango huo ni Bunge. Nani alipata ruhusa ya kupitia dirishani? Na amani hiyo ya dirishani ilituletea nini? Ulizeni watu wa Lubumbashi waliojificha chini ya vitanda vyao Machi 2020.

Lakini tuangalie, ndugu, tusije tukawapa wabaya silaha. Kuna polisi wanaofunga watu ovyo na kudai franka ili kuwafungua. Sharti la 18 la katiba linasema mtu asizuiliwe na polisi kupita masaa 48. Baada ya hapo aachiliwe au apelekwe mbele ya wenye kazi ya sheria. Ofisa anayemfungua mtu huyo hafanyi kosa lolote, anatii sheria. Kumfunga mtu bila haki ni kosa, na kumtosha mtu bila haki ni kosa vilevile. Ofisa anayeuza mlango kwa kuingia ndiye yule yule anayeuza mlango kwa kutoka.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kila mfungwa anayetoka, pawe na karatasi inayotaja jina la aliyeamuru na sababu ya kuamuru. Kila mara mtu aliyehukumiwa akionekana nje bila karatasi hiyo, parquet ianze uchunguzi kwa mwenye cheo, kisha ishuke mpaka kwa mlinzi. Na wajane wa Mitwaba waitwe, wasikilizwe, mbele ya mtu yeyote kusema neno «amani» kwa ajili yao.

Tangu tarehe 30 Juni 1960 ufunguo wa boloko uko mikononi mwa Wakongomani. Anayeushika, auhesabie.