Mstari wa Mbele Ulipofika Mwanza

Wapo wanaoshikilia kwamba mwanamke aliye jeshini abaki katika uuguzi, mawasiliano na ofisi, mbali na mapigano, ili alindwe. Hoja hiyo ilikwisha kujibiwa ufukweni mwa Ziwa Victoria. Machi 1979, katika vita dhidi ya nduli Idi Amin, ndege ya Libya ilitumwa kuangamiza bohari ya mafuta ya Mwanza. Mabomu yaliikosa, yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala, ambao hakuna aliyepata kuwaandikisha jeshini. Rubani hakuuliza nani kavaa kanga. Basi msichana ambaye JKT ilimfundisha kulenga shabaha sawa na kaka yake, anyimwe mzinga kwa sababu gani? Wapimwe kwa mtihani mmoja. Atakayeshindwa, awe mwanamume au mwanamke, apangiwe kazi nyingine.