Ukiwa ugenini na watoto, usikiogope chakula cha vibandani

Kila shule zinapokaribia kufungwa, huja katika kliniki yangu wazazi ambao hawaugui chochote. Wanasafiri na watoto kwenda Singapore, Bangkok au India, na swali lao ni moja: "Daktari, tule nini tusije tukaharisha?" Wengi wao huwa wamekwisha kujijibu. Watakula hotelini tu, na mikoba yao wataijaza biskuti.

Jawabu langu huwashangaza. Nendeni mkale vibandani, pamoja na watoto.

Mpenzi msomaji, jambo hili nililijua kwa kuumia. Tulipozuru Singapore, mimi na mke wangu na watoto wetu wawili, siku mbili za kwanza niliwapiga marufuku kula nje ya hoteli. Asubuhi ya pili kifungua mimba wetu alipakua wali wa kukaanga uliokuwa vuguvugu katika sinia ya staftahi, ambapo kila mgeni hujihudumia. Kabla ya adhuhuri alikuwa akitapika mfululizo. Sikuwa na maabara ya kuthibitisha, lakini dalili zilifanana mno na zile za bakteria iitwayo Bacillus cereus. Mbegu za kiini hiki hustahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa upoe polepole, huzaana na kutoa sumu ambayo hata ukiupasha moto tena haiondoki.

Alipopata nafuu kesho yake, tulikwenda Tekka Centre, katika mtaa wa Little India. Pale tuliona mpishi akilitandaza donge la unga mpaka likawa jembamba kama kitambaa, akalikunja na kulitupa juu ya chuma cha moto. Hiyo ndiyo roti prata, ndugu wa chapati yetu. Ilitoka motoni ikaingia kwenye sahani zetu, na mchuzi wake ulikuwa ukifuka moshi. Usiku uliofuata tulikula satay kando ya Lau Pa Sat, mishikaki myembamba iliyochomwa kwa makaa mbele ya macho yetu. Hakuna aliyeumwa na tumbo tena. Wala mfuko haukuumia, kwani sahani moja kwenye vibanda hivyo aghalabu huuzwa kati ya dola 4 na 6 za huko, yaani karibu Sh400 hadi Sh600.

Sisemi kwamba kila kibanda ni salama na kila hoteli ni hatari. Nisemalo ni kwamba viini havisomi bei wala haviogopi vitambaa vya meza. Viini huogopa moto, na hupenda muda. Shirika la Afya Duniani hushauri kuwa chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili, na kile cha moto kihifadhiwe katika joto la zaidi ya nyuzi 60. Mpishi wa kibandani mwenye foleni ndefu hutimiza sharti hilo bila kulisoma popote, maana chungu chake hakipati nafasi ya kupoa.

Basi mzazi atazame nini? Kwanza, atazame moto. Chagua chakula kinachopikwa ukiona, na kikufikie kikiwa cha moto hasa. Pili, atazame foleni, na hasa wenyeji walio na watoto na wazee wao. Wali wa kuku wa Kihainani, maarufu pale Maxwell Food Centre, huliwa kuku wake akiwa amepoa. Ikiwa utaujaribu, ununue penye wateja wengi, mahali ambapo kuku hakai sana.

Tatu, jihadhari na vibichi. Mwaka 2015 watu zaidi ya 100 waliugua huko Singapore kutokana na bakteria ya jamii ya streptokoka iliyokuwa katika samaki wabichi wa maji baridi, waliokuwa wakiliwa pamoja na uji wa mchele. Baadhi yao walipata homa ya uti wa mgongo. Desemba mwaka huo serikali ikapiga marufuku uuzaji wa samaki hao wakiwa wabichi kwa mlaji. Kibanda hakikuwa na hatia, na samaki yuleyule akipikwa asingemdhuru mtu.

Nne, maji. Ya mfereji wa Singapore hunyweka, lakini usiibebe imani hiyo hadi Bangkok au Delhi. Huko kunywa ya chupa iliyofungwa au yaliyochemshwa, na barafu usiyoijua asili yake uiache. Tano, mikono ya watoto ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Aidha, mwenye mzio wa karanga asiguse satay kabla ya kuuliza, kwa kuwa mchuzi wake ni wa karanga. Na mwenye shinikizo la damu asinywe mchuzi wote wa tambi, maana una chumvi nyingi.

Hata ukichunga yote hayo, mtoto anaweza kuharisha. Kinachoua watoto kwa kuhara mara nyingi ni kuishiwa na maji mwilini. Kwa hivyo, kabla ya kufunga mizigo, nunua pakiti kadhaa za chumvi ya kuongeza maji mwilini, ile iitwayo ORS. Ukikosa, changanya lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Mpe mtoto kidogo kidogo, na akitapika ungoje dakika kumi kisha uendelee. Anayenyonya aendelee kunyonya. Usikimbilie viuavijasumu, wala usimpe mtoto mdogo dawa ya kufunga tumbo. Ukiona damu kwenye choo, homa kali, macho yaliyobonyea, mtoto analia bila machozi au amepitisha saa sita bila kukojoa, mpeleke hospitali mara moja.

Yafaa pia ifahamike kuwa usalama wa vibanda vya Singapore haukuanguka kutoka mbinguni. Zamani wachuuzi wake walipikia kando ya mitaro, wakiosha vyombo kwa ndoo moja ya maji. Mnamo 1968 na 1969 serikali iliandikisha wachuuzi wapatao 18,000. Kisha kati ya 1971 na 1986 ikawahamishia katika majengo yenye mifereji, mitaro ya majitaka, vyoo na mahali pa kutupa taka. Mwaka 2020 UNESCO iliutambua utamaduni huo wa vibanda kuwa urithi wa binadamu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na madaktari wenzangu ambao, kila kipindupindu kinapozuka katika miji yetu, hutaka wachuuzi wafukuzwe na kuishia hapo. Mama auzaye chapati na maharagwe kando ya barabara ana moto na ana wateja. Asichokuwa nacho ni maji ya mfereji, choo na mtaro. Hivyo haviletwi na askari wa jiji mwenye rungu.

Kwa hivyo safiri na wanao, na uketi nao kwenye meza za watu wote, mle vya moto. Utakaporudi, mwulize mwakilishi wa wadi yako bomba la maji la wachuuzi wa mtaani kwenu liko wapi.