Watoto hawachoshwi na safari ya Moshi, wanachoshwa na haraka za baba

Desemba ikifika, kuna baba akiwasha gari Dar kwenda Moshi anakuwa kama yuko mashindanoni. Njia ina kilomita zaidi ya 500, lakini yeye anatafuta sifa moja tu: akifika awaambie mashemeji, "Nimetumia masaa saba!"

Huko siti ya nyuma hali ni mbaya. Mmoja anaomba kukojoa tangu Chalinze, anaambiwa avumilie mpaka Segera. Mwingine kapewa simu aangalie katuni ili anyamaze. Kichwa kimeinama, gari linayumba, nusu saa baadaye anatapika. Halafu yeye ndiye anaambiwa msumbufu!

Jamani, mtoto sio begi la kwenye buti. Gari lisimame kila baada ya masaa mawili, hata dakika 15 tu. Akojoe, akimbie kidogo, ale chungwa. Mkishapita Segera, simu iwekwe pembeni. Dirishani kuna mashamba ya mkonge, kisha milima ya Usambara, kisha ya Upare. Washindane nani atauona Mlima Kilimanjaro wa kwanza. Ukijificha mawinguni, basi wabishane, muda unakwenda.

Na dereva naye anapumzika, jambo linalowalinda wote waliomo ndani ya gari.

Bibi kijijini hahesabu masaa ya mtu. Anasubiri wajukuu ambao pengine anawaona mara moja kwa mwaka, na anataka washuke wakimkimbilia, sio wakiwa wamenuna na nguo zinanuka matapishi.