Asubuhi ya Tarehe 9 Juni Imeenda Wapi?

Kila tarehe 9 Juni, Siku ya Mashujaa hapa Uganda, Bugolobi inanukia moshi wa nyama. Baa zimejaa, kiti hupati. Wafanyakazi wa mashirika wameshapanda gari kwenda Jinja kupumzika, na sisi vijana wakimbizi tumekaa ukutani na rolex zetu. Kesho yake mahubiri yanaanza: oh, vijana hawaheshimu mashujaa, wanajua kula tu.

Mimi nakataa. Kula si kosa. Kwetu Kongo tarehe 1 Agosti ni siku ya wazazi, walio hai na waliokufa. Asubuhi watu wanabeba majembe na mafagio wanaenda makaburini, wanang'oa majani. Mchana watoto ndio wanawapikia wazazi: sombe, bugali, kuku kama yupo. Bia pia, na hakuna anayeona aibu, kwa sababu asubuhi ameshafanya kazi yake. Hapa tumebaki na mchana bila asubuhi, na hilo si kosa la vijana peke yao.

Nani alitueleza siku yenyewe ni ya nini? Niliuliza kikundi chetu, vijana 14, waliojua ni wawili. Basi sikieni. Tarehe 9 Juni 1981, kijijini Kikandwa huko Luwero, askari wa serikali ya Obote walimuua Edidian Luttamaguzi pamoja na wenzake, kwa sababu alikataa kusema waasi wa Museveni wako wapi. Leo siku hiyo ina gwaride na medali, lakini ilianza na swali la mtu mwenye bunduki: wako wapi? Swali hilo sisi hatuhitaji kutafsiriwa. Kuna watu kati yetu waliulizwa hivyo hivyo, mlangoni kwao.

Najua kwa nini tunaikwepa asubuhi. Katika kikundi kuna kijana ambaye baba yake alikufa akiwa askari wa serikali huko Kivu. Mwingine, kaka yake aliingia porini na hakurudi. Mwaka jana tukiwa mezani, wa kwanza aliinua soda akasema, "Kwa baba." Mwenzake akauliza, "Aliyeua nani?" Sahani ziliruka, bana. Niliwatenganisha, halafu nikapiga marufuku mazungumzo hayo. Nilikosea. Wafadhili wetu walinisifu, wakatuletea mpira na fulana.

Asanteni kwa mpira. Lakini mwaka huu tupeni kwanza masaa mawili ya asubuhi, chumba, na chai. Kila mtu ataje jina la mtu wake aliyekufa, bila cheo, bila kusema alikuwa upande gani. Na ninyi wa mashirika mje, Jinja haikimbii. Tukimaliza, nyama iletwe.

Yule wa soda ameshaniuliza kama mwenzake ataalikwa. Nikamwambia ndiyo. Bado hajanijibu kama atakuja.