Mlima upewe jina la mpiga gitari?



Siku ya posho iliyopita tulibishana mpaka kengele ya chakula ikalia, na hakuna aliyesimama. Wanaokaa enternati wanajua kwamba hilo ni jambo la ajabu. Neno lenyewe lilitoka mbali. Mwalimu wa Kiingereza alitupa habari ya jimbo la Colorado, kule Marekani. Mwaka 2011 watu walitia sahihi barua, wakaomba kilele kimoja cha mlima Sopris kiitwe kwa jina la John Denver, mwimbaji aliyekufa mwaka 1997 katika ajali ya ndege. Mlima ule una vilele viwili vinavyolingana urefu, nao waliomba kimoja tu. Wimbo wake juu ya milima ya kwao ulikwisha kufanywa wimbo wa jimbo mwaka 2007. Basi mmoja wetu, mtoto wa Bunkeya, akauliza: «Na siye je? Mwenda Jean Bosco hana mulima?»

Tuseme kwanza Bosco ni nani, kwani tuliona wengi hawamjui, hata upande wa walimu (mtusamehe). Alizaliwa Bunkeya mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika na mashine ya kukamata sauti, alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akamkamata akiimba. Wimbo «Masanga» njo ulimtangaza. Gitari moja, kidole gumba na kidole cha shahada, basi. Lakini ukisikiliza bila kuona unaapa wapigaji ni wawili. Alifika Nairobi, na vijana wa Kenya wakajifunza mkono wake. Mwaka 1969 alipiga mbele ya watu wa Newport, Marekani. Na aliimba kwa Kiswahili hiki chetu cha Katanga, kile kinachochekwa tukifika Dar es Salaam. Alikufa katika ajali ya gari mwaka 1990, mbele ya sisi kuzaliwa.

Waliosema ndiyo walikuwa na nguvu. Walisema: tazameni majina tuliyobeba. Likasi ilibeba jina la Jadot, mkubwa wa kampani. Lubumbashi ilibeba jina la Elisabeth, malkia wa Ubelgiji. Mpaka mwaka 1966 tuliyabeba. Kama bwana wa kampani alipata mji mzima na nyumba zake na stesheni yake, juu ya nini mtoto wa Bunkeya akose hata kilima kimoja? Neno hili lilipigiwa makofi, na sisi wenyewe tulipiga.

Lakini makofi si jibu. Mwaka 1973 ziwa Albert liliitwa ziwa Mobutu Sese Seko, na ziwa Edward likaitwa Idi Amin Dada. Leo mwalimu wa jografia anaandika ubaoni Albert na Edward kama zamani. Angalieni vizuri kitu hiki. Tulitoa jina la mkubwa wetu, tukarudia jina la mume wa malkia wa Uingereza na la mwana wake! Majina waliyoyatumia wavuvi wa pale mbele ya Mzungu kufika hayakuulizwa mara ya kwanza, wala mara ya pili. Wenye nguvu walifuta ubao, wengine wenye nguvu wakafuta tena, na ubao wenyewe ulikuwa wa watu wengine. Hata kilele cha Kilimanjaro, Mjerumani Hans Meyer alipokifikia mwaka 1889, alikipa jina la Kaisari wake. Leo kinaitwa Uhuru. Lakini Kilimanjaro yenyewe ilibaki Kilimanjaro, kwa sababu jina hilo lilikuwa midomoni mwa watu, halikukaa kwenye karatasi peke yake.

Kwa hiyo tunauliza wanaosema ndiyo: kilima gani? Hakuna aliyejibu. Mmoja alisema «kimoja cha kule Bunkeya», mwenzake akamkatiza: «Ile mulima iko na jina yake, unaijua?» Hakuijua. Wala sisi hatuijui. Ni aibu kidogo kugawa kitu ambacho hujui hata kinaitwaje.

Na jina Mwenda lina uzito wake. Msiri mwenyewe aliitwa Mwenda, na watawala wa Bayeke wanalibeba jina hilo hata sasa. Ukiandika «Mlima Mwenda» karibu na Bunkeya, mpita njia atafikiri ni mlima wa mwami, na mpiga gitari atapotea chini ya mfalme. Tena jimbo la Lualaba si la Bayeke peke yao. Basanga walikuwa wanapigana na Msiri hata kabla Kapiteni Bodson hajampiga risasi tarehe 20 Desemba 1891. Katika kalasi yetu watoto wa Bayeke na wa Basanga wanakaa benchi moja, pamoja na Balunda, Baluba na Batshokwe, na wanakopeshana kalamu. Jina ambalo huyu analisikia kama wimbo, mwenzake anaweza kulisikia kama vita ya babu yake. Bosco hakumpiga mtu; alipiga nyuzi tu. Haifai tumpe mzigo usio wake.

Halafu kuna neno la Kolwezi yetu. Hapa mlima ni kitu kinachokwisha. Zamani vilima vya shaba vilijulikana kwa mbali: miti haioti juu yake, paka majani mafupi na maua madogo, sababu udongo una shaba nyingi. Upara huo ndio uliowasaliti. Wazee waliona kijani cha jiwe, wakayeyusha misalaba ya shaba. Wazungu wakaona vilevile, wakaleta mashine. Leo tuna karieri ya Musonoi, ya Kamoto, ya Mutoshi, ile iliyoitwa Ruwe zamani. Jina linabaki, na chini ya jina kuna shimo. Kule Kasulo, tangu mwaka 2014, watu walichimba kobalti ndani ya nyumba zao, chini ya vitanda. Basi tukimpa Bosco kilima leo, na kesho kampani ifike na karatasi yake? Tutasikia kwenye radio: «Saa nane watapasua Bosco kwa baruti, watu wasipite.» Kalasi nzima ilicheka. Sisi hatukucheka sana.

Mwingine akaleta shauri jipya: apewe mlima wa udongo, ile milima iliyotoka ndani ya karieri na kumwagwa na malori, ambayo haina jina la mzee yeyote. Wengi walikasirika, wakasema ni kumtukana mtu kumpa lundo la takataka. Hapa tunakataa hasira yao. Lundo la Lubumbashi, kando ya ule mnara wa moshi, nalo ni takataka ya tanuru, na watu wa mji ule wanalipenda kama alama yao. Ila hata lundo lile limerudiwa kuchotwa juu ya kobalti. Hakuna mlima wa kuaminika katika nchi hii ya shaba!

Kaka mmoja wa kikundi cha maombi alisema Biblia inakataa mambo haya, akatoa mfano wa Absalomu aliyejisimamishia nguzo yenye jina lake. Ni kweli, lakini Absalomu alijipa mwenyewe, akiwa hai. Bosco haombi kitu. Sisi tulimkumbusha Daudi, mpiga kinubi: alipata mji uitwe wa kwake, lakini mlima hapana. Na tulimkumbusha Hermoni, ambao Wasidoni waliuita Sirioni na Waamori wakauita Seniri. Mlima mmoja, kila kabila na jina lake, na hakuna aliyemwambia mwenzake afute.

Kwa hiyo sisi wa buletini tunasema hapana, mlima usipewe jina la Bosco na watu wa mbali kama sisi, wala na wakubwa wa jimbo wakikaa ofisini. Kama watu wa Bunkeya wenyewe watakaa na mwami na wazee wao, waseme kilima fulani kinaitwa hivi toka zamani na sasa kinaitwa pia hivi, hatutawazuia. Kama jimbo linataka kumheshimu, balabala ziko. Kinshasa ilimpa Luambo Makiadi avenyu, ile iliyokuwa ya Bokassa, na avenyu haina mababu wa kuuliza. Na sisi hapa, gitari yetu ya shule iko na nyuzi nne tangu mwaka jana. Hakuna hata mmoja wetu anayejua kupiga «Masanga». Tulitaka kumpa mlima mtu ambaye hatuwezi kumwimba!

Sasa ombi letu. Likizo inakaribia. Kila mwanafunzi amuulize babu au nyanya yake majina ya vilima vya kwao, hata vile vilivyokwisha kuchimbwa, na maana yake kama anaijua. Aandike jina la kilima, la mugini ulio karibu na la kabila linalokiita hivyo. Kama makabila mawili yanakiita mbalimbali, aandike yote mawili. Karatasi mpe sekreteri wa buletini juma la kwanza la kurudi. Watoto wa Bunkeya tunawangoja zaidi.